Mguu wa Kulia Kwanza

Jumapili, 6 Julai 2003
Sketi nne za sare zimeisha. Shati moja bado kola. Goti la kulia linawaka tangu asubuhi, nikajaribu kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Mshono umekwenda kama njia ya mlevi. Nimefumua. Ruangwa watu wameuza ufuta, kila mtu anataka nguo mpya, nami kesho nafunga kazi. Shangazi Zuhura amefika kutoka Nandagala kuja kuniuguza. Ana ndoo, mkeka na kuku hai. Nimemwambia hospitali hawapokei kuku. Kasema kuku ni wa daktari.

Jumatatu, 7 Julai
Nachingwea. Vumbi mpaka kwenye kope. Daktari wa mifupa huja kila baada ya miezi mitatu, benchi limejaa. Nina miaka ishirini na saba, wengine karibu wote watoto. Shuleni waliniita Mabano, kwa jinsi miguu yangu ilivyopinda nje, magoti yasigusane. Leo mabano yalikuwa benchi zima. Nikacheka peke yangu.

Daktari amechora mistari kwenye picha ya eksirei. Atakata mfupa chini ya goti, atoe kipande cha pembetatu, kisha aunganishe.
"Kama kupunguza kiuno cha gauni," nikasema.
"Hasa. Ila mimi sifumui."
Nimempenda. Mguu wa kulia kwanza, wa kushoto akirudi Oktoba. Nikauliza kama nitaweza kukanyaga cherehani. Kasema nikiliacha hivi, goti litakwisha kabla sijafika arobaini. Sikuuliza hilo.

Kuku amekataliwa. Amefungwa jikoni kwa wanaouguza.

Jumatano, 9 Julai
Naogopa. Basi.

Ijumaa, 11 Julai
Jana wamenipasua. Sindano ya mgongo, kutoka kiunoni kwenda chini sikuwa na habari. Lakini masikio yalikuwa yangu. Nyundo na patasi, kama kwa seremala. Meza ilitikisika. Ganzi ilipoisha, maumivu yalikuja yote kwa pamoja.

Mguu umo kwenye plasta, paja hadi vidoleni. Wodi nzima wanaiita hogo, na kweli ni jeupe kama muhogo uliomenywa. Kitanda cha pili yupo Anjela, mkulima wa Mnero, alianguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika paja. Mguu wake unavutwa kwa kamba yenye mawe. Anasema nimelia kwa Kimwera. Mimi ninayejidai kujua Kiswahili tu.

Jumamosi, 12 Julai
Nesi Agnes kaniambia niinue kidole gumba cha mguu. Nimekiagiza. Hakikuinuka. Akanigusa na pini, sikusikia. Katoka haraka. Simpendi mtu anayetoka haraka.

Daktari kaja, kalipasua hogo kwa msumeno juu hadi chini, kalitanua. Mshipa wa fahamu umebanwa na uvimbe. Huenda ukaamka kesho, huenda baada ya miezi.
"Na usipoamka?"
"Mguu utakuwa umenyooka, lakini unyayo utaburuta."
Huo ndio mguu wangu wa cherehani. Bora ningebaki Mabano. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi, niliyekuja mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai
Hakuna. Daktari ameondoka, kamwachia Agnes maagizo. Kutwa nakitazama kidole. Shangazi kakigombeza kwa Kimwera, maneno nisiyoweza kuyaandika. Anjela kacheka mpaka mawe yake yakayumba.

Alhamisi, 17 Julai
KIMEINUKA! Upana wa uzi tu, lakini kimeinuka. Nilikuwa nakula ugali. Nimepiga kelele, Agnes kaja mbio akidhani nimeanguka.
"Inua tena."
Nikainua. Akaita wenzake. Watu wazima sita wamesimama wanaangalia kidole gumba. Shangazi kapiga vigelegele, wodi ya wanaume wakauliza nani kajifungua.
"Mwanahawa!" Anjela kawajibu. "Kazaa kidole!"
Kuku tumemla. Shangazi anasema daktari hakumstahili.

Jumamosi, 13 Septemba
Hogo limetoka. Mguu mwembamba, ngozi inabanduka, una nywele kama wa mwanaume. Lakini umenyooka! Nikisimama kwa magongo, wa kulia ni mstari, wa kushoto ni upinde. Watoto wa jirani wananifuata wakitazama.

Nimekanyaga cherehani dakika kumi, polepole. Goti kimya. Nikalia, kisha nikashona foronya.

Wote wanauliza kuhusu wa kushoto. Bado naisikia ile nyundo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimerudi Nachingwea. Njia nzima nilijiambia nakwenda kukaguliwa tu. Daktari hata hakuniamkia. Kainama kwanza kwenye kidole.
"Inua."
Nikainua. Kakaa chini kwenye benchi, katikati ya watoto, akavua miwani.
"Mama, nimekiwaza hicho kidole miezi mitatu."
Hasira yangu imeishia hapo. Nikamwambia akate na wa kushoto. Shangazi kasema safari hii hakuna kuku.

Ijumaa, 2 Januari 2004
Wa kushoto haukuleta matata. Hogo limetoka, nipo kwangu Ruangwa, gongo moja tu. Magauni yote yamenipandia. Nimefumua upindo wa matatu, na chini rangi bado mpya, mstari unaonekana kabisa. Sijali. Acha waone nimerefuka.

Jumapili, 8 Februari
Mvua tangu alfajiri, wateja hakuna. Baada ya adhuhuri nimejilaza kwa ubavu. Magoti yakakaa moja juu ya jingine, mfupa kwa mfupa. Yanaumizana. Sikuwahi kujua kuwa magoti ya watu huumizana hivyo wakilala. Nimekunja kanga, nikaiweka katikati.