Moshi Uliopandishwa Juu

9 Januari

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea maneno mengine. Mimi ni mzima kama chuma cha reli, na matofali yangu ni mazima kuliko mimi. Wewe je? Hiyo ofisi yenu ya hali ya hewa bado inawagandisha? Mama anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha.

Nimesoma ulivyoandika, kwamba daktari kasema kikohozi cha Mama ni moshi wa tanuri langu la matofali, na unataka kumchukua akakae kwako. Mdogo wangu, mimi nimeendesha lori nchi saba, nimelala mipakani na kuelewana na watu ambao lugha yao siijui, lakini sijaona mama anahamishwa kutoka kwa kifungua mimba wake kama kabati. Watu watasema Injinia kashindwa kumtunza mama yake. (Injinia ndilo jina wanaloniita vibarua. Sikuwalazimisha.)

Basi shida nimeimaliza. Nimerefusha bomba la moshi. Zamani lilipumulia dirishani kwa Mama. Sasa limepita paa, limepita na nyaya za umeme. Moshi unakwenda juu kwa juu, hata kuaga hauagi. Mama tangu hapo kimya, hakohoi. Mpe habari hizo daktari wako, na umwambie hatumdai kitu.

Ni mimi kaka yako

20 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na Mama. Mimi sijambo, baridi ya ofisi nimeizoea.

Nimefurahi kusikia Mama ametulia. Ila kazi yangu ni kupima hewa, na nakuambia moshi uliopanda juu haujaondoka. Umehama tu. Hayo matairi na oili chafu unayochomea yanatoa masizi. Masizi ni kama shati jeusi juani, yananyonya joto na kuipasha hewa, hadi mvua iyashushe. Pamoja nayo inatoka hewa ya ukaa, haina rangi wala harufu, na yenyewe mvua haiishushi. Inakaa huko juu miaka mingi baada yako na yangu, inazuia joto la dunia lisitoke. Tena kuna salfa, inatengeneza ukungu mweupe. Huo, kusema kweli, unarudisha jua kidogo huko lilikotoka, lakini unachoma mapafu.

Acha matairi, Kaka. Mwisho wa Machi nina likizo. Nikikuta bado unayachoma, nitaondoka na Mama.

Mdogo wako

3 Februari

Mdogo wangu msomi,

Za huko? Huku ni nzuri, na sasa ni nzuri zaidi, maana umekiri kwa mkono wako mwenyewe kwamba moshi wangu unarudisha jua. Kwa hiyo mimi nimeishikia dunia mwavuli, na sijamtoza mtu. Nimewasomea vibarua sehemu hiyo. Sehemu nyingine sikuwasomea, mwandiko wako ulikuwa mdogo.

Kuna fundi cherehani nyuma ya uwanja wetu, amelalamika kwamba masizi yamedondokea gauni la bibi harusi. Nikamwambia nimemtilia nakshi bure. Hakucheka. Mafundi cherehani wana midomo ya kubana pini.

Nimepata oda ya madarasa ya shule. Uwanja wote umejaa matofali mabichi yanakauka, na lile bomba refu linavuta moto hadi matairi yanaisha kabla sijakaa chini. Mama hajambo. Siku hizi mchana anakwenda kwa fundi cherehani kupiga soga. Unaona? Mgonjwa hatembei.

Kaka yako, mwenye mwavuli

11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima.

Mwavuli wako haudumu hata mwezi, unashuka na mvua. Hewa ya ukaa inabaki. Kila ukiwasha tanuri unafungua mwavuli wa karatasi huku unaongeza blanketi. Na huo mwavuli ndio Mama anauvuta puani.

Tarehe yangu haijabadilika.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Hujambo? Mimi mwili haujambo.

Juzi ilinyesha mvua ambayo si ya wakati huu. Tangu nianze kazi, masika huku huanza Aprili, Machi ni vumbi tu, ndiyo maana matofali yalikuwa wazi. Maturubai yangu hayakutosha, nikakimbilia kwa fundi cherehani kuazima lake. Nikamkuta Mama ameinamia beseni.

Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini huku?"

"Nakohoa. Si unaona?"

"Kwa nini usikohoe nyumbani?"

"Nyumbani unanisikia."

Fundi cherehani hakuinua kichwa kwenye mashine. Akasema, "Injinia, anakuja hapa tangu urefushe lile bomba. Akimaliza anakunywa maji, anajifuta, anarudi kwako mzima."

"Lilikupendeza lile bomba, mwanangu," Mama akasema. "Ningekuambiaje? Na huyo dada yako mdogo angenibeba, ukabaki unakula na vibarua."

Na huko alikokuwa anajificha ndiko masizi yangu yanakodondokea. Niliporudi uwanjani, oda ya shule ilikuwa tope. Tope zuri, lakini tope.

Nakuuliza wewe uliyesoma: ile mvua ni moshi wangu?

Kaka yako

24 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa matofali.

Tanuri moja halileti mvua. Siwezi kuichukua mvua moja nikaiandika jina la mtu. Ninachojua ni kwamba matanuri, magari na viwanda vya dunia nzima vimeipasha hewa, na hewa yenye joto inabeba maji mengi, ikimwaga inamwaga kwa ndoo. Fungu lako limo humo. Ni dogo, lakini limo.

Pumzi ya Mama ni jambo jingine. Hiyo haihitaji dunia nzima.

Nije?

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Usije, nauli yako itunze. Nampandisha basi mwenyewe, kiti cha mbele, nimeshaongea na dereva, tunajuana tangu enzi za malori. Watu wakiuliza, nimempeleka. Hakuna aliyemchukua.

Matairi nimeyatoa. Nachomea pumba za mpunga, na matofali nayapanga kwa kukata kona ili moto upite ukizunguka. Niliona hivyo nchi ya tatu kati ya zile saba, nikapuuza. Moshi umepungua hadi vibarua wanauliza kama tanuri limezimika. Ile hewa yako isiyo na rangi bado inatoka, sijidanganyi. Na masizi mengine bado yapo, ndiyo maana nampandisha basi.

Mama hapendi kulala mbali na dirisha. Dawa anazitupa zikiwa chungu, mwangalie mkononi. Ukimuuliza hali atasema mzima. Usimwamini. Kaa chumba cha pili, unyamaze, usikilize.

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama amefika salama, na amemsema dereva wako kwa mwendo wake.

Nimekaa chumba cha pili kama ulivyoniambia. Anakohoa bado. Ila mlango ameuacha wazi.

Mdogo wako