Hodi ya Mbeyu

Lavender, Kiponda amefuta sauti ya mkewe. Amefuta! Kwa mkono wake mwenyewe!

Unakumbuka kompyuta yake pale Utange, kila ikiwaka marehemu Mbeyu anapiga hodi? Alijirekodi huku akicheka, kabla hajaugua. Na Kiponda hakukosa kuitikia hata siku moja: "Karibu, mama."

Sasa Maxwell, yule kijana wa mambo ya kompyuta, yule yule aliyemdhihaki hata kwenye matanga ya Mbeyu, na hilo halisahauliki, kamwandama tena: "Mzee, bado unawasha mashine kwa programu ya kizamani? Weka programu mpya ya kuiwashia, kila kitu kitaamka chap chap."

Kiponda kaona haya, kaweka. Maelekezo yakasema folda ya programu ya zamani ifutwe. Kaifuta yote. Hodi ilikuwa humo humo, na nakala hana. Hana, Lavender!

Kumpigia Maxwell, ati, "Lakini si inawaka haraka?"

Haraka ya kwenda wapi?

Inawaka kweli, kufumba na kufumbua, kimya. Leo asubuhi kaizima, kaiwasha, kaizima, kaiwasha. Mwisho akaikodolea macho tu, akasema polepole, "Karibu, mama."