Msimpokee Yule Mbuzi

Dada Kabugho,

Nakusihi, haya yabaki kwako na shemeji tu. Hata mama asiyasikie kwa sasa.

Mwanao Ithungu hakuanguka kwenye ngazi kama mwalimu mkuu alivyokuambia. Mwalimu Bwambale alimchapa kwa kuchelewa. Mtoto alijikinga kwa mkono, ukavunjika. Niliona yote kutoka dirisha la ofisi. Usilie, amefungwa plasta na anakula vizuri.

Mwalimu mkuu aliniita. “Karani, wewe ni mtu wetu. Ukiulizwa, ameanguka.”

“Ndiyo, mwalimu,” nikajibu, kisha nikaenda polisi.

Afande akanicheka. “Kijana, kazi imekuchosha?” Lakini alinisikiliza hadi mwisho.

Jumamosi mwalimu mkuu na Bwambale watawaletea mbuzi huko nyumbani Kahendero, waombe msamaha. Mkimla, watasema mmesamehe, kesi itakufa, na mimi nitabaki mwongo. Wapeni chai, muwasalimie vizuri, mbuzi arudi akiwa hai. Tukishikilia hapo, tutashinda.

Usipige simu ya ofisi. Mpigie Evas, muuza chapati wa mbele ya hospitali ya Bwera, umwambie unamtafuta mjomba wa Ithungu. Ataniita.

Ndugu yako,
Nobert