Mwanzo Anao Mama Mkubwa

Kwako Dada, uliye Texas na bado sauti yako haitoki jikoni kwangu,

Ningeweza kukupigia. Lakini nikikupigia utacheka, na wewe ukicheka mimi husahau nilichotaka kusema. Ndivyo ilivyo tangu utotoni. Kwa hiyo naandika, tena naandika wazi, asome atakaye, maana wewe nawe ulinisema wazi mbele za watu.

Unajua nazungumzia nini. Jumapili ile tumetoka kanisani, nakaanga vitunguu, mwanangu Neema akanisogezea simu usoni. Ulikuwa umesimama mbele ya nyumba yako na miwani ya jua, unawaambia wafuasi wako kwa Kiingereza cha puani kwamba vitabu ni vya watu wanaoogopa kuishi. Ukasema wewe hujawahi kumaliza hata kimoja. Kisha ukaniingiza mimi. Hukunitaja jina, ahsante. Ulisema mdogo wako alisoma kila kitabu kilichoingia nyumbani kwetu, na leo yuko London anaokota takataka za watu kwenye ndege. Hapo ukanyamaza, ukaigeuza kamera taratibu mpaka nyumba yako ikaonekana yote.

Kunyamaza kule ndiko kulikowachekesha watu. Neema naye alicheka, halafu akaziba mdomo. Nikamuuliza anacheka nini.

"Mum, but it's true, though," akasema.

Vitunguu viliungua. Na kweli ni kweli, Dada, mimi nasafisha ndege Heathrow, na wala sioni haya. Naamka mapema, navaa kizibao changu cha njano, napanda basi na kina mama wa Kihindi na Wasomali tunaofanya nao kazi, saa nane mchana niko nyumbani Hounslow nimemaliza. Kilichoniuma si kazi. Kilichoniuma ni wivu, na nautaja kwa jina lake kwa sababu nimechoka kuuita uchungu wa mama.

Huyu mtoto nimemsemesha Kiswahili miaka kumi na sita, ananijibu Kiingereza. Nikianza kumsimulia jambo, sentensi ya tatu macho yameshahama. Wewe una dakika moja tu kwenye kioo kile na hapepesi. Neno moja la Kiswahili analolisema bila kulazimishwa ni "mama mkubwa". Linatoka kinywani mwake zuri, limenyooka, na kila nikilisikia natamani lingekuwa langu.

Wiki ileile aliniletea fomu ya shule, ya masomo atakayochukua kuanzia Septemba. Fasihi alikuwa ameiandika kwa mkono wake tangu Januari. Sasa amepiga mstari juu yake. Nikamuuliza kwa nini. Alinijibu kwa upole kabisa, kama anayenionea huruma, kwamba Mama Mkubwa hakusoma, na tazama alipo. Mimi nilisoma, na tazama nilipo. Fomu inarudishwa mwisho wa mwezi huu. Mimi niliyesoma kila kitabu nikaichukua, nikaibandika mlangoni mwa friji.

Basi ngoja nikukumbushe, kwa kuwa umesahau au unajifanya.

Marehemu mama alikuwa akiuza maandazi nje ya hospitali pale Morogoro. Karatasi za kufungia alizinunua kwa kilo kwa yule mzee aliyekusanya makaratasi ya maofisini na vitabu vilivyotupwa na mashule. Kitabu kikiingia kwetu kilikuwa na siku mbili za kuishi, tatu kikibahatika kuwa kinene. Mama alichana kuanzia ukurasa wa kwanza, andazi baada ya andazi, na wagonjwa wa Morogoro wamekula sura ya kwanza ya vitabu vingi bila kujua.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na miwili. Ni wewe uliyechukua kisu cha kukatia unga ukakipasua kitabu mgongoni, chap, kama mtu anayepasua papai. Ukasema, "Mwanzo wangu, mwisho wako." Hesabu yako haikuwa na kasoro: wewe ulisoma haraka, na mwanzo ndio uliowahi kuisha. Mimi nikabaki na nusu ya pili, iliyoanzia katikati ya sentensi.

Kwa hiyo miaka yote ile nilikutana na watu wanaolia na sijui wamefiwa na nani, harusi zinavunjika na sijui zilipangwa lini. Kuujua mwanzo nilikutegemea wewe. Ulinisimulia tukisugua masufuria kwa majivu, na ulijua raha ya kunichelewesha. Ukifika pazuri unasema nimalize kwanza sufuria la chai. Nilisugua mpaka vidole vikauma. Nilikuonea wivu hata wakati ule, Dada. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi, hadithi ilikuwa kwako.

Unamkumbuka yule mjane mfuga nyuki? Kitabu cha Kiingereza, jalada limeliwa na mende. Katika nusu yangu alikuwa kila akimwona padri anavuka barabara, anajificha nyuma ya ukuta, mtu mzima yule. Nikakuuliza anamwogopea nini. Ukaniambia kwamba siku ya mazishi ya mumewe, watu wakiwa wanatupia udongo, aliingia uani kwa padri akaiba mzinga wa nyuki, akatoka nao chini ya khanga yake ya msiba, nyuki wanavuma tumboni na waombolezaji wanadhani ni yeye analia kwa kuguna. Sikujiuliza Mzungu amepata wapi khanga. Nililala na hadithi ile miaka.

Mwaka huu nimekutana naye tena. Nilipoanza kazi hii, mifuko ya viti kwenye ndege za kutoka huko kwenu ilikuwa na vitabu vilivyosahauliwa, vya kila aina, vingine vimekunjwa ukurasa mahali mtu alipofikia. Siku hizi nakuta waya za simu, soksi, vile vidude vya masikioni. Kikipatikana kitabu kimoja tunaitana kukitazama. Visivyodaiwa huishia kwenye rafu ya chumba chetu cha mapumziko, na huko ndiko nilikomwona: mjane, nyuki, jalada zima. Supavaiza wetu, Mkenya wa Kisumu, akaniambia, "Chukua tu, hakuna mtu atasoma hiyo."

Nikasoma mwanzo. Kwa mara ya kwanza maishani, Dada, nimesoma mwanzo. Hakuna mzinga ulioibwa. Kuna kurasa sita za mvua na barabara. Mume amekufa kwa kikohozi. Na padri anaogopwa kwa sababu siku ya mazishi alimwazima mjane mwavuli, mjane akaupoteza, akaona haya kusema. Mwavuli tu. Nilikaa kwenye basi nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka. Hata uongo wako ni mtamu kuliko kitabu cha mtu aliyekaa miaka anakiandika. Kijicho kilinipanda upya, kilekile cha nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Lakini nikaona kitu kingine. Mbwa wa mjane. Katika nusu yangu ameshakufa na hatajwi jina. Wewe uliniambia anaitwa Kanali, na anakoroma. Nimelikuta kwenye ukurasa wa kumi na tisa: Kanali, anayekoroma. Basi ulisoma. Ulisoma ile mvua yote na ile barabara yote, ukaona haitoshi, ukanitungia mzinga. Hapo ndipo nilipoielewa video yako. Hukudanganya, nyoka wewe. Ni kweli hujawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Mwisho ulikuwa kwangu.

Na mimi, ukitazama vizuri, sikuwahi kuanza kimoja. Hilo wafuasi wako hukuwaambia.

Najua ulikoanzia kuficha. Mwaka wako wa kwanza huko ulinipigia ukilia. Ulikuwa ukienda na kitabu kazini, kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, unasoma wakati wa chakula. Mwenzako mmoja akakuuliza mbele ya wote kama unajiona una akili kuliko wao. Ukacheka ili yaishe. Kesho yake ukakiweka chini ya kopo la chakula, kesho kutwa ukakiacha nyumbani. Uliniambia, "Huku mtu akijua kitu inabidi aombe radhi." Nilikuonea huruma siku ile. Kisha ukajaribu siku moja kusema kwamba hukusoma, wakakupigia makofi. Ukasema tena, makofi yakaongezeka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe umelitia mpaka halina ladha ya mnazi.

Unaona nilivyo mbaya? Hata katika hilo nina wivu. Wewe ulikificha kitabu ukapendwa na maelfu. Mimi naketi na changu wazi pale kwenye chumba cha mapumziko, na hajatokea hata wa kuniuliza kama najiona.

Sasa sikia nilichofanya. Jumapili iliyopita, Neema akiwa mezani na simu yake, nilichukua kisu cha mkate nikakipasua kitabu cha mjane mgongoni. Akaruka. Akasema nimechanganyikiwa, kitabu hakikatwi, kwani kimefanya nini. Huyo ndiye asiyetaka vitabu. Halafu akanirekodi, kwa kuwa watoto wa siku hizi hata nyumba ikiungua watarekodi kwanza. Nikamwachia nusu ya pili mezani, ya kwanza nikaitia kwenye bahasha. Sikusema neno. Kunyamaza nimejifunza kwako.

Rafiki zake walioiona video wakamuuliza hicho ni kitabu gani. Akafungua ili awajibu. Jumanne nikaikuta ile nusu bafuni. Jumatano alichelewa kushuka kula. Alhamisi akaja jikoni, kidole ndani ya karatasi asipoteze alipofika, amekunja uso, akaniuliza mwanamke huyu kamfanyia nini padri. Aliniuliza kwa Kiswahili, Dada. Kibovu, kimepinda, lakini Kiswahili: "Mama, kwa nini yeye anajificha?"

Majibu yote mawili nilikuwa nayo mdomoni, mwavuli na mzinga. Miaka kumi na sita nimesubiri mtoto huyu aniulize kitu na abaki kusikia jibu. Ningemsimulia mzinga angenitazama mimi, bila kupepesa, kama anavyokutazama wewe. Nilitaka hivyo. Lakini nilijijua. Sentensi ya tatu ningempoteza, na safari hii asingerudi.

Nikamwambia, "Mwanzo anao Mama Mkubwa."

Bahasha itakufikia wiki hii. Ndani kuna kurasa mia moja na kumi na mbili, zinakatikia katikati ya sentensi. Usinilaumu, ni kisu cha mkate. Atakupigia Jumapili saa zenu za asubuhi, kabla hujavaa miwani. Huwezi kumwambia hukusoma, kwa sababu nimeshamwambia habari za Kanali. Ukipenda msomee mwanzo ulivyoandikwa, mvua na barabara na mwavuli. Ukipenda mdanganye kama ulivyonidanganya mimi. Yeye atatafuta mwanzo wa kweli siku moja, kama nilivyoutafuta, na atakucheka. Ila usome kwanza. Fomu bado iko mlangoni mwa friji, mstari ni wa penseli.

Na kitu kimoja zaidi. Sijakutumia nusu ya pili, wala sitakutumia. Safari hii ukitaka kujua mjane aliishia wapi, itabidi umuulize Neema, na yeye akikuchelewesha, usugue sufuria. Simu itakuwa na sauti wazi. Mimi nitakuwa hapohapo jikoni na vitunguu vyangu, nawasikiliza nyie wawili, na wivu wangu wote.

Wako wa tumbo moja,
mdogo wako, wa nusu ya pili