Mita Mia Nne

Jumatatu, 3 Juni

Duka la silaha tena! Mara ya tatu. Muuzaji kanitandikia darubini nne za bunduki juu ya meza, nikachungulia zote dirishani hadi jicho likatoa machozi. Ile kubwa inavuta mbali, lakini nzito, na ukiikuza mno picha inacheza. Halafu kipima umbali. Halafu app ya simu inayokokotoa risasi itashuka kiasi gani. Vyote navitaka! Nimemwambia sitegemei tena macho ya mtu. Sijatulia tangu yule swala.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu kauliza kama darubini mpya itanifundisha kulenga. Nimenuna. Yeye alikuwepo? Mjomba alikadiria mita mia mbili, nikafyatua, risasi ikamparua swala mgongoni. Siku mbili tulifuata damu, hatukumpata. Nikamwambia Mjomba mbele za watu kwamba macho yake yamezeeka. Tangu hapo hajashika bunduki, na mke wangu anasema Ijumaa anarudisha leseni yake ya uwindaji. Miaka thelathini! Basi, uzee hauna dawa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempelekea fundi bunduki aitoe darubini ya zamani. Kaigeuza, kauliza mbona sijairudisha sifuri. Kile kifundo cha juu, cha kuzungusha kulingana na umbali — kiko mia nne! Kwa shabaha ya karibu zaidi, risasi inapita juu.

Asubuhi ile kabla ya kutoka nililenga kopo, mita mia nne, kujionyesha tu. Sikukirudisha. Baada ya swala bunduki iliingia kabatini, hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo mia mbili ilikuwa mia mbili. Mjomba hakukosea hata hatua moja.

Fundi anacheka — mchagua jembe si mkulima. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Juni

Saa mbili asubuhi, barazani kwa Mjomba. Naandika ili mikono ipate kazi.

Kanipokea vizuri kuliko ninavyostahili. Kavaa miwani mpya, kubwa. Leseni iko mfukoni mwa shati. Kabla sijafungua mdomo kanishukuru! Eti wengine wote walikuwa wanamwonea haya, mimi peke yangu nilimwambia ukweli. Anataka nimsindikize ofisini nikamsomee fomu.

Kaingia ndani kuvaa viatu. Darubini ninayo mapajani, kifundo bado kiko mia nne.

Anatoka. Anauliza, "Tayari, mwanangu?"