Wekundu wa Kahawa Mbivu

Makerere,
3 Agosti 1954

Mama, shikamoo.

Mimi mzima; hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mwalimu wetu wa falsafa ametuvuruga. Anasema hatuvijui vitu vyenyewe, tunajua tu vinavyotuonekea. Ati hata wekundu wa kahawa mbivu haumo ndani ya kahawa, umo machoni mwetu! Nilibisha mpaka darasa zima likacheka. Niambie, Mlima Meru unaonekanaje asubuhi hizi? Nataka kitu cha hakika.

Mwanao,
Sadoki


Akheri,
20 Agosti 1954

Mwanangu, marahaba.

Sisi hatujambo, na migomba imezaa. Huyo mwalimu wako hajawahi kuchuma kahawa, mwache. Mlima leo uko wazi kabisa, hata ufa wa kileleni nauona. Soma, mwanangu.

Mama yako,
Eunike

Kaka, ni mimi Hanna, mdogo wako, ninayemwandikia. Mama haoni. Tangu Pasaka macho yamefunga kabisa. Mlima una mawingu wiki nzima. Kaniambia niandike hivyo usije ukaacha masomo. Nimeshindwa kunyamaza.


Makerere,
2 Septemba 1954

Mama, shikamoo.

Hanna ameniambia, usimgombeze. Nimelia. Mimi nakaa hapa kubishania wekundu, kumbe wewe umeupoteza. Nafunga sanduku. Mtihani ni Oktoba, na uende zake. Nangoja jibu lako tu, nije nikuchumie kahawa.

Mwanao,
Sadoki


Akheri,
14 Septemba 1954

Mwanangu, marahaba.

Hanna nimemgombeza kidogo, kisha nikampa ndizi. Fungua hilo sanduku.

Nilikudanganya kwa woga. Giza nimelizoea, niliogopa utarudi mikono mitupu kwa ajili yangu. Jumatatu niliomba kikapu, nikaingia shambani. Kahawa mbivu ni laini, ukiigusa inaachia tawi. Mbichi inang'ang'ania. Karani wa ushirika alimwaga kikapu changu, akatafuta mbichi weee, asipate hata moja. Mwambie mwalimu: wekundu umeniacha, na kahawa imeiva vilevile. Yaliyo ndani yake kabisa anayajua Mungu. Mimi yananitosha haya yanayonifikia mkononi.

Fanya mtihani. Siku utakayokuja, ukifika langoni usiseme neno. Sogea tu, nikushike uso. Nataka nikujue bila kuambiwa.

Mimi mzima. Hofu ni kwako uliye mbali na vidole vyangu.

Mama yako,
Eunike