Jina Lililotakiwa Mlangoni pa Zahanati

Kaka Bura,

Huko ulipo najua hakuna posta, lakini mimi mdogo wako sijawahi kushindwa kufikisha neno. Niliwahi kumtuma mbwa hadi Mang'ola na ujumbe mdomoni, akarudi na vitunguu. Usitikise kichwa, nisikilize.

Zahanati imekwisha. Ina bati la bluu, na juu ya mlango wameandika jina la yule mwenye hoteli ya watalii aliyetoa mabati. Lako halipo. Nataka habari hii uipate kwangu kabla hujaipata kwa mwingine atakayekufuata huko: aliyelipoteza ni mimi.

Kwenye mkutano wa kijiji wa kuipa zahanati jina, akina mama walikutaja wenyewe, bila kuombwa. Mama Paskalina alisimama akasema, "Mimi na mwanangu tuko hai kwa sababu ya machela ya Bura." Watu wakaitikia. Jambo lilikuwa limeiva, mwenyekiti ameshashika kalamu. Ndipo nikaomba kuongeza kidogo.

Unanijua. Nikisimama mbele ya watu ulimi hushika moto. Nikawaambia jinsi ulivyoangusha ndege ya adui kwa risasi moja. Nikaona wametoa macho, nikaangusha ya pili. Nikakuvusha mto Kagera umebeba mzinga begani. Kumbe palikuwa na mzee mmoja kutoka Karatu mjini, naye alipigana vita ile ya Kagera. Akaniuliza taratibu, "Alikuwa kikosi cha mizinga au askari wa miguu?" Nikasema vyote viwili. Akasema, "Na urubani je?"

Mkutano mzima ukaanguka kwa kicheko. Baada ya hapo hata machela ilionekana ni hadithi yangu. Mwenyekiti akasema litafutwe jina la mtu asiye na utata. Utata, kaka. Wewe.

Mwanao Yohana aliniambia tukiwa njiani kurudi, "Baba mdogo, ungekaa tu." Hajanisemesha tena mpaka leo.

Na ukweli niliujua. Uliniambia siku ile tunachuma mbaazi kwamba vitani hukufyatua risasi hata moja, kazi yako ilikuwa kubeba majeruhi. Nilikuonea aibu. Kilabuni nilikuwa nimeshawaambia mengine, na mimi kurudi nyuma sijui.

Ukarudi hapa kijijini Endamarariek, ukashona magunia mawili kwenye miti miwili, ukatufundisha. "Msipige hatua pamoja kama gwaride, mgonjwa atayumba. Kila mtu na mguu wake." Masika udongo unang'ang'ania miguu, gari haliingii, sisi tunapokezana mpaka barabara ya lami. Wewe huli kitu mpaka mgonjwa apokelewe. Ukafanya hivyo hadi mvi zikakuota, na hakuna aliyekupa hata cheti.

Ulipougua wewe, ulipelekwa hospitali Karatu kwa pikipiki, umebanwa katikati yangu na dereva. Wale uliowafundisha kubeba wamezeeka, na watoto wao hawakutokea. Watu nimewaambia nilikubeba mgongoni peke yangu mpaka Karatu. Nilikubeba mpaka kwa jirani wa pili, magoti yakagoma, nikakuweka chini kwenye majani kusubiri hiyo pikipiki. Ukasema, "Pumzika, mdogo wangu." Wewe mgonjwa, unaniambia mimi nipumzike.

Nina hasira, kaka. Na yule mwenye mabati ambaye matope yetu hajawahi kuyakanyaga. Na kijiji kilichobebwa miaka yote ile, kikasahau kwa kicheko kimoja. Lakini kila nikitafuta wa kumchapa fimbo, namkuta ni mimi.

Kuna mkutano mwingine baada ya mavuno. Jina mlangoni limeshapakwa rangi, sidhani watalifuta. Nakwenda hata hivyo. Nitasema hukuangusha ndege, hukuua mtu, mimi ndiye niliyedanganya. Kisha nitawataja uliowabeba, mmoja mmoja, na walio hai wasimame. Sitaongeza hata mtu mmoja. Hii ni ahadi, na unajua ahadi ya namna hii inanigharimu kuliko kuua simba.

Lala salama, kaka. Wakicheka, safari hii watakuwa wananicheka mimi.

Mdogo wako